Kutangazwa mufilisi si nafuu kwa mkopaji mdogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni, katika ukurasa huu huu wa barua, kwamba mtu aliyezidiwa na mikopo hana sababu ya kuzima simu wala kuhama mji, kwa kuwa sheria inamruhusu kwenda mahakamani, akatangazwa mufilisi na madeni yake yakafutwa. Nimekuwa mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na baada ya barua ile kutoka, baadhi ya wanachama walinijia wakitaka kujua fomu ya kujifilisi inapatikana wapi na inalipiwa kiasi gani. Sina shaka kwamba nia ya mwandishi ilikuwa njema. Hata hivyo, alichokieleza ni nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomgharimu mtu.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25 ya sheria zetu. Ilitungwa mwaka 1930, enzi za utawala wa Mwingereza, kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1914, na ingawa imefanyiwa marekebisho ya hapa na pale, mwili wake ni ule ule. Shauri la ufilisi halifunguliwi Mahakama ya Mwanzo wala ya Wilaya, bali Mahakama Kuu, ambayo sisi wa Tanga tuna bahati ya kuwa na kanda yake hapa hapa mjini. Mahakama ikishatoa amri ya kupokea mali, mali za mdaiwa zinaondoka mikononi mwake na kuwa chini ya Mpokeaji Rasmi, kazi iliyo katika RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi wetu tunaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa tu, na hatukumbuki kabisa kwamba ufilisi nao ni sehemu ya majukumu yake.

Kuanzia hapo mdaiwa anatakiwa kuandika, na kuapa, maelezo ya hali yake yote: ana mali gani, anadaiwa na nani, kiasi gani, na nani kati ya wadai wake ameshikilia dhamana. Amri hutangazwa katika Gazeti la Serikali na katika gazeti la kawaida kama hili lako. Wadai huitwa mkutanoni, kisha mdaiwa mwenyewe husimama mahakamani, mbele ya yeyote anayetaka kuingia na kusikiliza, akaulizwa kwa kiapo juu ya mwenendo wake, biashara zake na mahali fedha zilikokwenda. Katika mji wetu huu, ambako mtu akikosekana msikitini Ijumaa moja tu majirani zake wa Ngamiani wanaanza kuulizana, sidhani kama nahitaji kueleza zaidi maana ya jambo hilo kwa fundi cherehani au mama muuza samaki ambaye mtaji wake mkubwa ni kuaminiwa na watu.

Aibu peke yake mtu anaweza kuivumilia, kama kweli mwisho wake ni kufutiwa deni. Lakini kufutiwa deni hakuji kwenyewe. Kwa Waingereza wa leo, mufilisi wa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria yao ya mwaka 2015 inamwachilia baada ya miaka mitatu tangu awasilishe maelezo ya hali yake. Kwetu hakuna muda unaofika na kumfungulia mtu mlango. Mufilisi mwenyewe ndiye anayepaswa kurudi mahakamani kuomba aachiliwe, na mahakama inaweza kukubali, kukataa, kuahirisha, au kukubali kwa masharti, kwa mfano kwamba sehemu ya kipato chake cha baadaye iendelee kwenda kwa wadai. Miongoni mwa mambo yanayoangaliwa ni iwapo mali iliyopatikana inafika walau nusu ya madeni, iwapo alitunza vitabu vya hesabu, iwapo aliendelea kukopa huku akijua hana uwezo wa kulipa, na iwapo ufilisi wake umetokana na kamari au ubadhirifu. Nani kati ya wakopaji wetu wadogo anaweza kuvuka maswali hayo yote? Ni mfanyabiashara gani wa dagaa anayetunza vitabu? Na wale vijana waliokopa kwa simu ili wabeti, watamjibu nini jaji?

Asiyeomba kuachiliwa hubaki mufilisi miaka na miaka, na hapo ndipo yanapokuja mambo ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyasema barazani. Mali anayoipata baada ya kutangazwa mufilisi, kabla hajaachiliwa, nayo inaweza kuchukuliwa kwa ajili ya wadai wake. Katika mkoa wetu, ambako watu wengi hawana akiba benki lakini wana fungu lao katika shamba la minazi la marehemu babu kule Pangani au michungwa ya Muheza, hilo si jambo dogo. Mzazi anafariki, mirathi inafunguliwa, ndugu wanagawana, na fungu la yule mufilisi linapitia kwa msimamizi wa mali zake kabla halijamfikia yeye. Anayedhani atakwepa kwa kuhamishia nyumba jina la mkewe au kaka yake wiki chache kabla ya kwenda mahakamani ajue pia kwamba sheria imeliona hilo mapema: zawadi na uhamishaji wa namna hiyo unaweza kubatilishwa, na vivyo hivyo malipo ya kumpendelea mdai mmoja na kuwaacha wengine. Tena mufilisi asiyeachiliwa haruhusiwi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kibali cha mahakama, na akikopa zaidi ya kiwango kilichowekwa bila kumwambia mkopeshaji kwamba yeye ni mufilisi, anatenda kosa la jinai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu nimeliona kila siku ofisini. Tuseme mahakama imekubali na mtu ameachiliwa. Ni madeni gani yaliyofutika? Faini za mahakama na fedha zilizopatikana kwa udanganyifu zinabaki. Mdai mwenye dhamana, kama benki iliyowekewa nyumba bondi, hazuiwi na ufilisi wa mtu. Anaendelea kuiuza dhamana yake kama kawaida. Na mdhamini haachiliwi. Narudia: kuachiliwa kwa mufilisi hakumwachilii mtu aliyemdhamini.

Wanaokopa katika vyama vya akiba na mikopo wanaijua fomu yetu. Ukurasa wa kwanza ni wa mkopaji, na ukurasa wa pili una visanduku vya wadhamini, kila kimoja na jina, namba ya uanachama, kiasi cha akiba anachokiweka rehani kwa ajili ya mwenzake, sahihi na tarehe. Kwa wanachama walio walimu, mara nyingi wadhamini husaini wakiwa wamesimama, chumba cha walimu, wakati wa mapumziko, karatasi imewekwa juu ya daftari la wanafunzi, bila hata kusoma kiasi kilichoandikwa, maana leo mimi kwako na kesho wewe kwangu. Mkopaji akishindwa kulipa, barua yangu ya kwanza huenda kwake, ya pili huenda kwake na kwa wadhamini, na baada ya hapo akiba zao ndizo zinazoguswa. Sasa mkopaji huyo akitangazwa mufilisi, chama hakiwezi tena kumdai yeye moja kwa moja kama zamani, kwa hiyo kitawageukia wadhamini mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Mwalimu aliyesaini kwa huruma atalipa deni la mwenzake, naye atabaki kuwa mmoja tu wa wadai wasio na dhamana, akisubiri sehemu yake katika masalia. Na masalia hayo hugawiwa baada ya gharama za kusimamia ufilisi wenyewe kulipwa, kisha madeni yenye kipaumbele, kama kodi na mishahara ya waajiriwa. Kinachomfikia mdai wa kawaida kwa mkopaji mdogo aghalabu ni kidogo sana, au hakuna.

Sisemi kwamba sheria hii haina kazi. Mfanyabiashara mwenye wadai wengi, kila mmoja na kesi yake, ambaye mali zake zinakimbiliwa na madalali wa pande zote, anaweza kupata kivuli chini yake, kwa kuwa amri ya mahakama huwazuia wadai wasio na dhamana kuendelea na mbio hizo na kuwaweka wote katika foleni moja. Vilevile anayekabiliwa na kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni aliloamriwa na mahakama, ambacho bado kipo katika sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai na ambacho hakifuti deni hata mtu akikimaliza, ana sababu ya kumuuliza wakili juu ya ufilisi. Watu hao wapo, lakini ni wachache, na si hao waliokuja ofisini kwangu.

Waliokuja ni mtu wa mshahara wa ualimu mwenye mkopo wa benki, mkopo wa chama, makato ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya asilimia 15, na juu ya hayo mikopo ya mitaani tunayoiita kausha damu. Kwa mtu kama huyo, ushauri wangu ni kuchukua karatasi moja na kuandika madeni yote, pamoja na yale anayomficha mkewe au mumewe, na mbele ya kila deni aandike mambo matatu: kiasi kilichobaki, riba yake kwa mwezi, na kitakachotokea akikosa kulipa. Safu hii ya tatu ndiyo inayobadilisha kila kitu. Nimeona watu wanaomlipa kwanza yule anayepiga kelele zaidi, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote kisheria, huku wakiliacha deni la benki lenye hati ya nyumba kwa kuwa benki huandika barua kwa adabu. Barua ya adabu ndiyo ya kuogopwa.

Kuhusu nyumba, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho yake imeweka taratibu ambazo mkopaji anapaswa kuzijua. Benki haiwezi kuuza siku inayoamka. Inapaswa kutoa taarifa ya kushindwa kulipa na kumpa mkopaji siku 60, na mnada wenyewe unahitaji tangazo la siku zisizopungua 14. Muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayowezekana, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa robo au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza wa ndoa. Siku hizo 60 wengi wetu huzipoteza kwa kulia, kwenda kwa waganga, au kutafuta mkubwa wa kumpigia simu meneja. Zingetumika kwenda benki na barua ya maandishi inayoomba mkopo upangwe upya, muda uongezwe na rejesho la mwezi lipungue, ikiambatanishwa na ushahidi wa kilichotokea, uwe ni ugonjwa, mafuriko au bidhaa kukwama mpakani Horohoro. Na pale inapoonekana wazi kwamba nyumba haiokoki, mkopaji anaweza kuomba aiuze mwenyewe kwa makubaliano na benki. Nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa utulivu hupata bei ambayo nyundo ya dalali haijawahi kuipata, na kinachozidi deni ni chake.

Kwa mikopo ya mshahara, mtumishi wa umma ana kinga moja ambayo yeye mwenyewe huibomoa. Utaratibu unataka makato yote yamwachie angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi hiyo ikishaguswa, mkopeshaji halali hapokei tena makato mapya, na hapo ndipo mtu anapokwenda kwa wale wanaochukua kadi ya benki na namba ya siri, wakamtolea mshahara wenyewe kwenye mashine na kumkabidhi chenji. Sijui nimweleze vipi mwalimu wa namna hiyo kwamba aliyekabidhi kadi na namba ya siri amekabidhi mshahara mzima. Aende benki leo, aizuie kadi ile, achukue nyingine, kisha ndipo aanze mazungumzo na mkopeshaji huyo akiwa amesimama kwa miguu yake.

Juu ya hao wakopeshaji wenyewe, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka katika madaraja manne, na kufanya biashara hiyo bila leseni ni kosa. Wale wa daraja la pili, ambao hukopesha bila kupokea amana, wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Tuseme mama mmoja wa soko la Mgandini amechukua laki tatu na anarejesha elfu kumi na tatu kila siku kwa siku 30. Atakuwa amelipa laki tatu na tisini, yaani asilimia 30 kwa mwezi mmoja, mbali na elfu ishirini ya fomu iliyokatwa kabla hajashika fedha. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya mwezi huo ingekuwa shilingi 10,500. Mkopaji ana haki ya kudai mkataba ulioandikwa, nakala yake, na kuonyeshwa leseni. Mtu anayekuja na bodaboda jioni akabeba godoro na jiko la gesi bila amri ya mahakama si dalali wa mahakama, hata akijiita hivyo, na mwenyekiti wa mtaa anayemsindikiza anapaswa kuulizwa kwa mamlaka gani. Mikopo ya simu nayo ina hesabu yake: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na wale wanaowatumia ujumbe jamaa wote walio katika simu ya mdaiwa wanaweza kushtakiwa katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa sheria ya mwaka 2022. Simaanishi kwamba mtu aliyepokea fedha halali asirejeshe mtaji wa watu. Namaanisha kwamba kabla ya kufikiria ufilisi, deni lipimwe kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa deni huenda ni riba ambayo hakuna mahakama ingeiangalia kwa jicho jema.

Yupo ambaye tayari ameshtakiwa. Kwake nina neno moja ambalo naona halisemwi vya kutosha: aende mahakamani siku aliyoitwa. Amri ya XX, kanuni ya 11, ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inairuhusu mahakama, wakati inapotoa hukumu ya fedha, kuamuru kwa sababu za msingi kwamba deni lilipwe kwa awamu au malipo yaahirishwe, hata kama mkataba ulisema vinginevyo. Hukumu ikishatoka, mdaiwa bado anaweza kuomba awamu, lakini sasa inahitajika ridhaa ya aliyeshinda. Kwa hiyo anayejificha, akaacha kesi isikilizwe upande mmoja, huwa ameitupa nafasi ambayo angeipata bila ya kumbembeleza mtu. Asiyemudu wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hata ndani ya Sheria ya Ufilisi yenyewe umo mlango wa makubaliano, na nashangaa mwandishi mwenzangu hakuutaja. Kabla mtu hajatangazwa mufilisi, anaweza kuwapelekea wadai wake pendekezo la kulipa sehemu ya madeni au kulipa kwa mpangilio maalumu. Wakikubali wengi wao kwa idadi, na wakawa wanabeba robo tatu ya thamani ya madeni yaliyothibitishwa, na mahakama ikaridhia, mpango huo unawafunga hata wale waliokataa. Kama wadai wanaweza kukubaliana chini ya jaji, kwa gharama zote zile, wanaweza pia kukubaliana mezani bila jaji. Nimewahi kukaa katika vikao vya namna hiyo, chama chetu, benki na mwenye duka la vifaa vya ujenzi tukiwa meza moja na mdaiwa, na kilichonishangaza ni jinsi wadai wanavyolegea mara tu wanapooneshwa karatasi moja yenye madeni yote, kwa sababu hofu kubwa ya kila mdai ni kwamba mwenzake analipwa kwa siri.

Niseme pia juu ya njia mbili zinazopendwa na ambazo sizisifu sana. Ya kwanza ni mkopo mmoja mkubwa wa kununua madeni yote madogo. Unafaa pale tu riba mpya ikiwa ndogo kweli na mtu akiacha kukopa tena. Vinginevyo, miezi sita baadaye ana mkopo mkubwa na ile midogo imeota upya. Ya pili ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawiwa wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ni mpango mzuri, lakini ni wa mtaji wa kikundi. Kikundi kinachochukua fedha hizo ili wanakikundi wakalipe kausha damu kinahamisha tatizo la mtu mmoja kwenda kwa wote, na halmashauri itakidai kikundi.

Ipo hazina nyingine tuliyonayo pwani ambayo haitumiki inavyostahili. Wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka, na kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki ni agizo, si hisani. Misikiti yetu ina kamati, na kamati zina majina ya wajane na mayatima, jambo jema kabisa, lakini ni mara chache sana nimesikia kamati ikimwita mtu aliyefungiwa duka kwa deni la haki na kukaa naye pamoja na wadai wake. Makanisa yenye vikundi vya kuweka na kukopa yangeweza kufanya vivyo hivyo. Hili halihitaji bunge.

Linalohitaji bunge ni lingine. Kati ya kuvumilia kimya na kutangazwa mufilisi Mahakama Kuu, mkopaji mdogo wa Tanzania hana utaratibu rasmi uliotengenezwa kwa kimo chake. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2015, waliweka njia za katikati: mpango wa hiari kati ya mdaiwa na wadai wake, amri ya muhtasari ya kulipa kwa awamu, na utaratibu wa mtu asiye na mali yoyote, ambaye akikidhi masharti huachiliwa baada ya miezi 12 bila kupitishwa katika ufilisi kamili. Si lazima tuige kila kitu, ila naiomba Wizara ya Katiba na Sheria pamoja na Tume ya Kurekebisha Sheria waitazame Sura ya 25 kwa macho ya mkopaji wa Makorora. Shauri la deni dogo lifunguliwe Mahakama ya Wilaya, kwa fomu ya Kiswahili, kama ilivyokusudiwa na marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kuwe na muda maalumu wa kuachiliwa, ili mtu ajue mwisho wa adhabu yake. Na sheria hiyo mpya iseme wazi mdhamini atafanywa nini: apewe taarifa siku ile ile mkopaji anapoomba nafuu, aruhusiwe kukaa katika kikao cha wadai, na asidaiwe zaidi ya kiwango cha awamu ambacho mkopaji mwenyewe amepangiwa, mpaka mpango ule ukamilike au uvunjike.

Wako,
Mtunza hesabu,
Chumbageni, Tanga